Baiskeli ya Umeme: Sheria Ipime Mwendo Kabla ya Wati

Kwa muda unaopindukia miaka mia moja baiskeli imemtumikia mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki kwa gharama ndogo kuliko chombo kingine chochote cha safari. Imebeba magunia ya mkaa na mpunga, imebeba madumu ya maji na matenga ya samaki, imempeleka mgonjwa zahanati na mwanafunzi shuleni. Injini yake ni miguu ya mpandaji, na mafuta yake ni ugali aliokula mwenye miguu hiyo. Ndiyo sababu haikuhitaji sheria nyingi. Chombo kisichoweza kupita nguvu za mtu hujiwekea mipaka chenyewe.

Leo hali inabadilika. Baiskeli imepata msaidizi, yaani mota ndogo ya umeme inayopata nishati yake katika betri. Kampuni ya Yamaha ilianza kuuza baiskeli ya namna hii nchini Japani mwaka 1993, na tangu wakati huo chombo hiki kimeenea katika mabara yote. Hapa kwetu kimekwisha anza kuonekana mijini. Kwa hiyo serikali zetu hazina budi kujibu swali ambalo wengine wamelijibu kabla yetu: je, baiskeli yenye mota ni baiskeli bado, au imekwisha kuwa pikipiki?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la maneno matupu. Sivyo. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mwenye chombo atadaiwa leseni, namba na bima. Kama mwanafunzi wa miaka 15 ataruhusiwa kukipanda. Na kama mfanyabiashara atakilipia ushuru wa baiskeli au wa pikipiki. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, baiskeli ya kawaida imo katika kifungu cha 87.12. Tangu mwaka 2017 vyombo vya aina hii vinavyoendeshwa kwa mota ya umeme vimepewa kifungu kidogo cha 8711.60, na kifungu cha 87.11 ni cha pikipiki. Maana yake ni kwamba bandarini baiskeli ya umeme imekwisha hesabiwa miongoni mwa pikipiki, hata kabla askari wa barabarani hajaiona.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi mataifa mbalimbali yalivyoweka mipaka yao, kisha kuipima mipaka hiyo kwa fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Maoni yangu ni kwamba tukinakili sheria ya ng'ambo neno kwa neno tutawaumiza wale wale wanaokihitaji chombo hiki zaidi, na tukiacha kutunga sheria yoyote tutawazika.

Wenzetu wamefanya nini

Nchi za Umoja wa Ulaya huita chombo hiki baiskeli iwapo kinatimiza masharti matatu. Kwanza, mota isizidi wati 250 za nguvu ya kudumu. Pili, mota isaidie pale tu mpandaji anapokanyaga. Tatu, msaada huo upungue kadiri mwendo unavyoongezeka na ukome kabla ya kilomita 25 kwa saa. Chombo kinachotimiza hayo hakidaiwi leseni wala namba. Kile kinachosaidia hadi kilomita 45 kwa saa huhesabiwa kuwa pikipiki ndogo, na mwenyewe hufuata sheria za pikipiki. Uingereza ilianza mwaka 1983 na wati 200, ikapanda hadi 250 mwaka 2015.

Marekani ilipitisha mwaka 2002 sheria ya bidhaa inayoruhusu mota ya chini ya wati 750, mradi chombo kiendeshwacho kwa mota peke yake kisifikie maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Kuhusu barabara, kila jimbo hujitungia kanuni zake. Mwaka 2015 California iligawa baiskeli za umeme katika madaraja matatu kwa kufuata mwendo na namna mota inavyowashwa, na majimbo mengi yakafuata mfano huo.

Uchina ina mengi ya kutufunza, kwa kuwa ndiyo yenye vyombo hivi vingi kuliko taifa lolote, zaidi ya milioni 300. Kiwango chake cha mwaka 1999 kilitaka mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa na uzito usizidi kilo 40. Viwanda havikukijali. Vilitengeneza vyombo vizito na vya kasi, vyenye kanyagio za mapambo tu, na wananchi wakavinunua kwa mamilioni. Serikali ilipotoa kiwango kipya cha lazima, kilichoanza kutumika Aprili 2019, kikiwa na mipaka ya kilomita 25 kwa saa, wati 400 na kilo 55, ilikuta barabara zimekwisha jaa vyombo visivyofaa, ikalazimika kuwapa wenyewe miaka kadhaa ya mpito. Kiwango kingine kikafuata na kuanza kutumika Septemba 2025, kikikaza masharti juu ya uwezekano wa kuwaka moto na juu ya ujanja wa kufungua kikomo cha mwendo.

Japani ilichukua njia tofauti kabisa. Sheria yake ya barabarani haikuweka kikomo cha wati. Hupima uwiano baina ya kani ya mtu na kani ya mota. Chini ya kilomita 10 kwa saa mota yaweza kuongeza hadi mara mbili ya kani ya mpandaji. Kutoka hapo msaada huendelea kupungua mpaka kwisha kabisa kwenye kilomita 24 kwa saa. Mota husaidia sana pale mtu anapohitaji msaada, yaani wakati wa kuondoka na kupanda mlima, na hujitoa pale mwendo unapoanza kuwa wa hatari.

Msomaji ataona kwamba juu ya mwendo mataifa haya yanakaribiana: kilomita 24, 25, 32. Juu ya wati yametofautiana mno: 250, 400, 750, na moja halikutaja wati kamwe. Tofauti hii si ya bahati. Inatuonyesha kwamba mwendo una uhusiano wa moja kwa moja na hatari, ilhali wati ni kipimo cha kukisia tu.

Hesabu ya mwendo

Tuchukue mpandaji ambaye pamoja na baiskeli yake wana kilo 100, wakiwa kwenye barabara ya lami iliyo tambarare, bila upepo. Vitu viwili humpinga: msuguano wa matairi na ukinzani wa hewa. Nguvu inayohitajika kushinda msuguano wa matairi huongezeka sawasawa na mwendo. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane.

Kwa kutumia makadirio ya kawaida ya mtu aliyeketi wima, kilomita 25 kwa saa huhitaji kama wati 165, na kilomita 45 kwa saa huhitaji kama wati 740. Mwendo haukuongezeka hata maradufu, lakini nguvu imeongezeka zaidi ya mara nne.

Sasa tugeuze hesabu. Mtu mwenye afya aweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuchoka sana. Akipewa mota ya wati 250 isiyo na kikomo cha mwendo, jumla ya wati 350 itamfikisha kama kilomita 34 kwa saa. Akipewa mota ya wati 500 isiyo na kikomo, atafika kama kilomita 41 kwa saa. Mota imeongezwa maradufu, na mwendo umepanda kwa kilomita 7 tu. Aidha, hata mota ndogo ya wati 250 imekwisha kuvuka kilomita 25. Ni dhahiri basi kwamba wati peke yake hazizuii mwendo. Kinachouzuia ni kidhibiti, yaani kile kisanduku cha elektroniki kinachokata umeme mwendo unapofika mpakani.

Tena, namba ya wati iliyoandikwa kwenye mota si nguvu kubwa kabisa inayoweza kutolewa. Ni nguvu ambayo mota huihimili kwa muda mrefu bila kupata joto la kuidhuru. Mota iliyoandikwa wati 250 yaweza kutoa wati 500 na zaidi kwa muda mfupi wakati wa kupanda mlima, na bado iwe halali huko Ulaya. Afisa wa forodha anayesoma kibandiko tu hajapima chochote.

Je, kwa nini tuuhofu mwendo? Nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili. Kugonga ukuta kwa kilomita 25 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 2 na nusu, yaani kama kutoka ukingo wa paa la nyumba ya kawaida. Kwa kilomita 45 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 8, ambacho ni kimo cha jengo la ghorofa. Mtu aweza kuinuka kutoka katika ajali ya kwanza akiwa amevunjika mkono. Katika ile ya pili huenda asiinuke. Hali kadhalika breki: mpandaji anayechukua sekunde moja kutambua hatari, mwenye breki nzuri, husimama ndani ya mita 13 akiwa katika kilomita 25 kwa saa, na ndani ya mita 32 akiwa katika kilomita 45. Mtoto anayekatiza barabara hajui tofauti hiyo. Ni kazi ya sheria kuijua kwa niaba yake.

Mlima na mzigo

Sheria ya wati 250 ilitungwa Ulaya kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye mkoba mdogo, kwenye lami, na mara nyingi katika njia ya baiskeli iliyotengwa. Baiskeli yetu haiishi maisha hayo.

Tumfikirie mchuuzi wa ndizi mlimani. Yeye, baiskeli na mzigo wana kilo 180. Njia ni ya vumbi, na inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Apande kwa kilomita 12 kwa saa, mwendo usiomtisha mtu, na atahitaji kama wati 450. Akitoa 75 mwenyewe, mota itapaswa kutoa wati 375. Mota ya wati 250 yaweza kutoa kiasi hicho kwa dakika chache, lakini mlima ukiwa mrefu itapata joto kupita kiasi, na hatimaye kuungua au kujizima. Kwa mota hiyo ndogo itambidi aridhike na kama kilomita 9 kwa saa. Kwa mota ya wati 500 atapanda bila taabu, na bado hatahatarisha maisha ya mtu, kwa sababu kilomita 12 kwa saa ni mwendo wa mtu anayekimbia pole pole.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nguvu inayotumika kuinua mzigo polepole na nguvu inayotumika kwenda kasi huandikwa kwa namba moja ya wati, lakini si jambo moja mbele ya usalama. Sheria inayozuia ya kwanza ili kuikomesha ya pili humwadhibu mchuuzi kwa kosa la kijana mpenda kasi.

Naijua hoja ya upande wa pili. Wapo wasemao kwamba mota kubwa ni kishawishi: kijana atakifungua kikomo, na kwa wati 500 atakwenda kasi kuliko kwa wati 250. Hoja hiyo ni ya kweli, na nimekwisha toa hesabu yake: ataongeza kilomita 7. Lakini dawa yake ni kuutia muhuri mlango wa kidhibiti na kumwadhibu anayeuvunja. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2019, iliweka adhabu ya hadi kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 30,000 kwa anayefungua kikomo. Polisi wa Uholanzi hutumia mashine ya roli barabarani, ambayo gurudumu huwekwa juu yake na mwendo wa mota kupimwa papo hapo. Huko ndiko kupima kitu chenyewe badala ya kusoma kibandiko.

Wapo pia wasemao kwamba kilomita 25 kwa saa ni ndogo mno katika barabara kuu zenye malori yaendayo kilomita 80. Nao wana haki ya kuogopa. Lakini kilomita 45 hazimwokoi mtu mbele ya lori hilo. Zinamwongezea tu kimo cha kuanguka. Anachohitaji ni njia ya pembeni. Hilo ni deni la wajenzi wa barabara, na kidhibiti cha baiskeli hakiwezi kulilipa.

Betri ni suala la mauti

Kama kuna jambo ambalo sheria haipaswi kulilegezea kamba hata kidogo, ni betri. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 hubeba kama wati-saa 500, yaani nusu uniti ya umeme, na kwa makadirio ya kawaida humpeleka mpandaji kama kilomita 50. Nishati hiyo ni jouli 1,800,000. Ikitoka polepole, ni msaada. Seli moja ya lithiamu ikiharibika na kupata joto, yaweza kuichoma jirani yake, na hiyo nyingine kuichoma inayofuata, mpaka betri nzima iwake kwa moto mkali wenye moshi wa sumu, usiozimika kwa urahisi.

Mwaka 2023 katika jiji la New York watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Mwaka huo huo jiji hilo lilipiga marufuku uuzaji wa baiskeli za umeme zisizothibitishwa kwa kiwango cha usalama kilichowekwa. Februari 2024 moto ulioanzia mahali palipoegeshwa baiskeli za umeme, chini ya jengo la makazi huko Nanjing, Uchina, uliua watu 15. Wenzetu hao wana vikosi vya zimamoto vyenye zana za kutosha. Sisi tutachaji betri hizi usiku, ndani ya chumba kimoja walalamo watoto, huku umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Betri iliyounganishwa upya kwa seli kuukuu, na chaja isiyolingana nayo, ni bidhaa za bei nafuu ambazo bei yake kamili hulipwa baadaye.

Bandarini ndipo pa kuanzia

Uagizaji husimamiwa kwa zana mbili ambazo yafaa tusizichanganye. Ya kwanza ni ushuru. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2019, umezitoza baiskeli za umeme kutoka Uchina ushuru wa ziada wa kati ya asilimia 18.8 na 79.3, na Januari 2025 ukauendeleza kwa miaka mitano mingine. Ushuru huo hulinda viwanda vya Ulaya. Haumlindi mpandaji na moto. Kanda yetu imeelekea upande mwingine. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliziondolea baiskeli za umeme mzigo wa kodi ya ongezeko la thamani. Rwanda ilitoa nafuu za kodi kwa vyombo vya umeme kuanzia mwaka 2021, na mwaka 2025 ikaanza kusajili pikipiki za umeme peke yake kwa biashara mpya ya kubeba abiria mjini Kigali.

Zana ya pili ni viwango. Shirika la Viwango Tanzania limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka tangu mwaka 2012, na Kenya ina utaratibu kama huo. Kwa hiyo hatuhitaji kuunda chombo kipya. Twahitaji kuwapa wakaguzi hao orodha fupi ya mambo ya kupima.

Sheria ya barabarani nayo ifuate. Ile ya Tanzania ni ya mwaka 1973, nayo ingawa imerekebishwa mara kadhaa, ilitungwa wakati ambapo chombo chenye mota kilikuwa gari au pikipiki ya petroli. Tumekwisha onja uchungu wa kuchelewa. Pikipiki zilianza kubeba abiria kwa wingi kabla ya kanuni za leseni za mwaka 2010, na kufikia hapo vijana wengi walikuwa wamekwisha jifunza udereva kwa ajali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nini kifanyike

Napendekeza mambo manne. Kwanza, baiskeli ya umeme itambuliwe kisheria kuwa ni baiskeli, bila leseni wala namba, iwapo ina kanyagio zinazofanya kazi na mota yake hukoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Mota iruhusiwe kufikia wati 500 za kudumu, ili wabeba mizigo wasiachwe. Pili, chombo chochote kinachopita mwendo huo kwa mota, kiwe na kanyagio au kisiwe nazo, kihesabiwe kuwa pikipiki, kikiwa na leseni, namba, bima na kofia ngumu. Tatu, betri na chaja zikaguliwe kabla ya kupakiwa melini, na betri zilizotumika zisiingizwe kwa kisingizio cha vipuri. Nne, jukumu la kikomo cha mwendo liwe kwanza la mwagizaji na fundi anayekifungua, ndipo mpandaji. Sheria inayomngoja mpandaji njiani na kumwacha mwagizaji ofisini huzaa rushwa kuliko usalama.

Walimu wa fizikia wana nafasi yao katika jambo hili. Mwanafunzi na apimwe uzito pamoja na baiskeli yake, apande mlima ambao kimo chake kimepimwa, na wenzake wahesabu muda. Kilo 80 zikipanda mita 10 katika dakika moja, nguvu iliyotumika kuuinua uzito huo ni kama wati 130. Darasa likishaifanya hesabu hiyo kwa jasho lake, wati 250 hazitakuwa tena namba ya kwenye kibandiko, na wanafunzi watakuwa tayari kuwauliza watunga sheria swali lililo sahihi: mmepima nini, na mmepima kwa ajili ya nani?